Faili la Mwalimu: kuhamisha hesabu za miaka ishirini kutoka Microsoft Money

Faili linaitwa NYUMBANI.mny, ni la Microsoft Money, programu ya zamani ya kutunza hesabu za nyumbani, na ukubwa wake haufiki hata wa picha chache za simu. Ndani yake mna karibu kila shilingi iliyopita mikononi mwa mwalimu mmoja mstaafu wa Dodoma tangu 2004: mishahara, ada za watoto, awamu za kiwanja, saruji, mabati, michango ya harusi na misiba, dawa na vibarua wa shamba la zabibu kule Hombolo. Mwenyewe nitamwita Mwalimu tu, kama mtaa wake wa Chang'ombe unavyomwita.

Kazi aliyoniletea ilionekana ndogo. Binti yake, anayefanya kazi Mtumba kwenye mji wa Serikali, alimnunulia kompyuta mpakato mpya yenye Windows 11. Ile ya zamani, ya mezani, inatumia Windows XP ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, na siku hizi feni yake inavuma hadi jirani anasikia. Mwalimu alitaka kitu kimoja: programu mpya, hesabu zilezile. Kabla hajafika kwangu alikuwa amepitia kwa fundi mwingine, akaambiwa faili limeharibika na hakuna la kufanya.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Wenzako wameshanipa pole ya msiba. Hebu nawe angalia, isije ikawa tunazika mtu mzima."

Kwa nini asianze upya tu? Binti yake aliuliza hivyo, na si swali la kijinga. Mwalimu alikuwa na majibu mawili. La kwanza ni kiwanja. Alikilipia kwa awamu enzi za Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, iliyoanzishwa 1973 na kuvunjwa 2017, shughuli zake zikahamia Manispaa ya Dodoma, ambayo mwaka uliofuata ikawa Jiji. Stakabadhi anazo kwenye boksi la viatu, ila wino wa nyingi umefifia, na anayejua ipi ni ya awamu gani ni lile faili. Jibu la pili ni zabibu. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na Mwalimu hupanga gharama za msimu kwa kuangalia misimu iliyotangulia. Bila kumbukumbu hizo anarudi kukisia kama mkulima wa mwaka wa kwanza.

Basi hapa data ndiyo mali. Programu ni kufuli lake tu.

Faili lipi ndilo lenyewe

Sikuiwasha ile kompyuta ya zamani. Diski ya umri ule inaweza kufa siku yoyote, na kuiwasha ili kuangalia tu ni kumpa mgonjwa mbio za kupima afya. Niliitoa diski, nikaiunganisha kwenye kompyuta yangu kwa kifaa cha kuigeuza iwe ya USB, nikanakili folda zote za Mwalimu kabla ya kufungua chochote. Nakala moja nikaifungia pembeni isiguswe, nyingine ikawa ya kufanyia kazi. Hatua hii inachosha kuisimulia, lakini ukiiruka, yote yatakayofuata ni kamari.

Nilitafuta mafaili yenye kiambishi .mny, ambayo ndiyo ya Money, na .mbf, ambayo ni nakala rudufu zake. Yalikuwa mengi: mengine kwenye folda kuu, mengine ndani ya folda ziitwazo "bakapu", moja kwenye flashi aliyoitunza kabatini. Nikayapanga kwa tarehe ya kubadilishwa mara ya mwisho, na hapo nikashtuka. Faili kubwa kuliko yote, ambalo kwa akili ya kawaida ndilo la mwisho, lilisomeka kwamba lilibadilishwa Januari 2002, yaani kabla Mwalimu hajainunua hiyo kompyuta.

Maelezo yake ni kabetri kadogo ka mviringo kwenye ubao mama. Betri hiyo ndiyo inayolinda saa ya kompyuta umeme ukiwa umezimwa. Ikifa, kila unapowasha mashine saa inarudi kwenye tarehe ya kiwandani. Mwalimu alikumbuka kwamba kompyuta "ilianza kusahau tarehe" mwaka 2016, lakini kwa kuwa mambo mengine yote yalikwenda, hakujali. Kwa hiyo tarehe za mafaili hazikuwa ushahidi wa kitu. Nikaliamini lile kubwa, nikasubiri miamala iliyomo ndani inithibitishie.

Mtu asiyejua hili angechagua faili la 2015, lenye tarehe inayovutia, akalifungua vizuri, akamkabidhi mteja hesabu zilizopungukiwa miaka kadhaa, na mteja akashukuru.

Halikuharibika, lina uraia mwingine

Microsoft iliacha kuuza Money mwaka 2009. Mwaka uliofuata ikatoa bure toleo liitwalo Money Plus Sunset, lisilohitaji kuthibitishwa mtandaoni, ili waliokuwa na mafaili yao wasipotee. Fundi wa kwanza alifanya ambalo wengi tungelifanya: alisakinisha Sunset kwenye mpakato mpya na kujaribu kulifungulia faili humo. Likakataa.

Nilipolijaribu mwenyewe kwa nakala, lilikataa pia. Ila faili lililoharibika kweli mara nyingi huwa na dalili nyingine, kama ukubwa wa sifuri au diski kugoma kulinakili. Hili lilinakiliwa bila kikwazo, na zile nakala rudufu za miaka tofauti zilikataa vilevile. Mafaili kadhaa, ya miaka mbalimbali na mengine kwenye vifaa tofauti, hayaharibiki yote kwa namna moja. Tatizo lilikuwa upande wa programu.

Nikamuuliza Mwalimu swali ambalo lilimshangaza: kwenye hesabu zako, mbele ya tarakimu palikuwa na alama gani?

"Ile ya pauni. Nilijaribu kuiondoa mwanzoni ikanishinda, nikaizoea. Kwa hiyo mimi mabati yangu nimenunua kwa pauni laki mbili na arobaini elfu." Akacheka sana.

Alama ya pauni ilimaliza ubishi. Kompyuta yake ilikuwa mtumba kutoka Uingereza, na ilikuja na Money ikiwa tayari imo, toleo la Uingereza. Money ilitengenezwa kwa matoleo ya nchi nchi, na mafaili yake hayavuki mpaka: Sunset ni ya Marekani, hufungua mafaili ya matoleo ya Marekani. Kwa watumiaji wa Uingereza Microsoft ilitoa bure toleo lao, Money 2005. Nilikuwa nalo kwenye hifadhi yangu ya programu za zamani (kuna faida ya kutotupa vitu), nikalisakinisha, nikajaribu kufungulia humo nakala ya faili. Likaomba neno la siri, ambalo Mwalimu alikuwa ameliandika nyuma ya jalada la daftari, kisha likafunguka. Miamala ya mwisho ilikuwa ya mwezi uliopita. Faili kubwa ndilo lilikuwa lenyewe.

Angalizo kwa mafundi: Money ikishafungua faili la toleo la zamani hulibadilisha liwe la muundo mpya, na toleo la zamani halitalisoma tena. Ukifanya hivyo kwenye faili la asili, na si kwenye nakala, umekata daraja ulilopitia.

Kubaki au kuhama

Hapa kazi ingeweza kuisha. Programu inafungua, mpakato ni mpya, mzee amefurahi. Binti yake alitaka tuishie hapo. Mimi sikukubali, na sababu zangu zilikuwa za kawaida kabisa. Money 2005 haina mwenye kuihudumia. Leo imekubali kwenye Windows 11, na sina namna ya kumwahidi mtu kwamba itakubali baada ya sasisho lijalo. Halafu faili la .mny ndani yake ni hifadhidata ya ukoo mmoja na Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, iliyofungwa kwa namna yake. Bila Money, hulisomi kwa kitu cha kawaida.

Nilipendekeza GnuCash, programu ya uhasibu. Haina malipo, ipo tangu miaka ya 1990 na bado inatunzwa, inaijua shilingi ya Tanzania, na faili lake la kawaida ni maandishi ya XML yaliyobanwa. Hata programu yenyewe ikitoweka, faili linaweza kufunguliwa na kusomwa kwa macho. Kasoro yake ni kwamba inafuata uhasibu wa pande mbili, kila kiasi kina kilikotoka na kilikokwenda, na kwa mtu asiyezoea sura yake inatisha. Kwa Mwalimu, aliyefundisha hisabati maisha yake yote, niliona kasoro hiyo haina uzito. Kwa mteja mwingine ningesema HomeBank, ambayo ni nyepesi zaidi.

Tukakubaliana tufanye vyote viwili: Money 2005 ibaki kwenye mpakato kwa kusoma tu, hesabu zihamie GnuCash.

Kinachosafiri na kinachobaki njiani

Money hutoa data kwa muundo wa QIF. Ni maandishi matupu, na kila mstari huanza na herufi inayosema mstari huo ni wa nini. Huu hapa ni muamala mmoja wa Mwalimu ulivyotoka:

D14/08/2006
T-240000.00
PMabati 20 geji 30
LNyumba:Paa
^

D ni tarehe, T ni kiasi, P ni aliyelipwa au maelezo, L ni kundi la matumizi, na alama ya mwisho inafunga muamala. Ukitazama vizuri utaona kuna kitu hakipo: sarafu. QIF haibebi sarafu. Kwa wengi hilo ni pungufu, kwetu lilikuwa bahati njema. Pauni za Mwalimu ziliachwa njiani zenyewe, na GnuCash ilipouliza ni sarafu gani, tukachagua shilingi. Kazi ya kubadilisha alama iliyomshinda tangu 2004 ikaisha kwa kubofya mara moja.

Tarehe nazo zina mtego wake. 05/03/2006 inaweza kuwa tarehe tano Machi au tarehe tatu Mei, kutegemea nani anasoma, na mpakato ule ulitoka dukani ukiwa na mpangilio wa Kimarekani. Niliuweka siku ianze kwanza kabla ya kutoa chochote, na hata hivyo nikafungua kila faili la QIF kuangalia miamala ambayo siku yake imezidi 12, maana hiyo haiwezi kudanganya. Haya mabati ya tarehe 14 Agosti yalinifaa hapo.

Mtego mkubwa ni uhamisho wa fedha kati ya akaunti. Money hutoa QIF akaunti moja moja. Mwalimu akitoa 100,000 benki ya NMB na kuziweka taslimu, muamala huo utatokea kwenye faili la NMB na pia kwenye faili la Taslimu. Ukiyaingiza moja leo, jingine kesho, kwenye programu isiyojua kulinganisha, fedha hizo zitahesabiwa mara mbili. GnuCash inaruhusu kupakia mafaili yote ya QIF kwa pamoja kisha inaoanisha pande mbili za uhamisho. Kwa hiyo usiingize lolote mpaka yote yawe mkononi.

Tofauti ya 164,500

Watu wengi hudhani data ikionekana kwenye programu mpya basi imehama. Mimi hutaka masalio yakubaliane, tena si ya leo peke yake. Nilichapisha kutoka Money salio la kila akaunti kwa tarehe 31 Desemba ya kila mwaka, nikafanya hivyohivyo kwenye GnuCash, tukakaa na Mwalimu sebuleni kwake, yeye akisoma karatasi na mimi skrini.

NMB ikakubali kila mwaka. Taslimu ikakubali. Kisha akaunti ya SACCOS ya walimu, aliyoifunga 2011, ikaonyesha hasi 164,500 badala ya sifuri.

Akaunti iliyofungwa ina sifa moja nzuri, lazima isomeke sifuri, kwa hiyo kosa lake halina pa kujificha. Tulianza na kilichokuwemo: michango iliyokatwa kutoka NMB kwenda SACCOS ilikuwa jumla 1,150,000, na siku ya kufunga zilirudi NMB 1,314,500. Toa moja kwenye nyingine, unapata 164,500 ileile. Mwalimu ndiye aliyeiona kwanza, akagonga meza.

"Gawio! Hiyo ni gawio langu la miaka yote. Limekwenda wapi?"

Gawio liliandikwa ndani ya akaunti ya SACCOS peke yake, halikugusa akaunti nyingine. Na Money huficha akaunti zilizofungwa zisijae kwenye orodha, hivyo ilipokuja zamu ya kutoa QIF, ya SACCOS haikuwamo. Lakini jina lake lilitajwa kwenye uhamisho uliotoka NMB, na GnuCash kwa ukarimu wake ikaiumba akaunti hiyo upya kutokana na hayo yaliyotajwa, ikiwa na uhamisho tu bila ya mambo yake ya ndani. Ilionekana ipo, kumbe ni nusu. Ukitazama orodha ya akaunti tu, hakuna kilichopungua.

Tulifuta faili la GnuCash, tukatoa QIF ya SACCOS na ya akaunti nyingine iliyofungwa ambayo Mwalimu alikuwa ameisahau, tukaingiza yote upya kwa pamoja. Safari hii kila mwaka na kila akaunti zikakubaliana. Sikutaka kuongeza gawio kwa mkono juu ya faili lililopo, ingawa lingechukua dakika mbili. Ukianza kutia viraka katikati ya uhamisho, tofauti inayofuata hutajua kama imeletwa na programu, na data, au na kiraka chako.

Miamala ya kabla ya mwanzo

Uhakiki huo ulitupa jambo moja: kipya kinafanana na cha zamani. Kama cha zamani chenyewe kilikuwa sahihi ni swali jingine, na karatasi za benki ndizo zenye jibu. Mwalimu alileta taarifa za NMB za miaka mbalimbali. Hapo tukakuta kwamba masalio ya NMB ya mwisho wa miaka yote kuanzia 2004 hadi 2015 yalipungua ukilinganisha na benki, tena kwa kiasi kilekile kila mwaka. Baada ya hapo tofauti ilipungua kidogo kidogo mpaka ikaisha.

Tofauti isiyobadilika miaka kumi na zaidi haitoki kwenye uzembe wa kila siku. Chanzo chake kinakaa nyuma ya mwaka wa kwanza. Nikapanga miamala yote kwa tarehe, na juu kabisa, kabla ya mwanzo wa hesabu, palikuwa na kundi la matumizi ya tarehe 01/01/2002. Mojawapo lilikuwa malipo ya king'amuzi. Mwaka 2002 hatukuwa na king'amuzi cha aina hiyo wala Mwalimu hakuwa na kompyuta.

Ni ile betri tena. Money hujaza tarehe ya leo kwa muamala mpya, na "leo" ya kompyuta ile tangu 2016 ilikuwa Januari 2002. Mwalimu alikuwa akisahihisha kwa mkono kila mara, isipokuwa siku alizokuwa na haraka. Fedha zilikuwa za kweli, zimekaa tu kwenye mwaka usio wao. Ndiyo maana salio la leo lilikuwa sahihi muda wote na hakuna aliyeshtuka.

Haya tuliyasahihisha ndani ya GnuCash, baada ya uhamisho kukubalika na baada ya kuhifadhi nakala ya faili kabla ya kugusa. Yaliyopita NMB yalipata tarehe zake kwenye taarifa za benki. Ya taslimu yalituchelewesha. "Kibarua 15,000" kwenye kundi la Zabibu:Vibarua ingeweza kuwa msimu wowote kuanzia 2016. Nilipendekeza tuyahamishie kwenye akaunti ya muda mpaka atakapokumbuka. Mwalimu alikataa.

"Yaache hapohapo 2002 uyawekee alama. Yamekaa miaka yote hiyo hayajamla mtu. Mimi nikiyaona pale najua ni yale. Ukiyapeleka kwenye akaunti ya muda nitasahau ni nini."

Kiuhasibu siipendi hoja hiyo, lakini hesabu ni zake, na msomaji wa hilo faili ni yeye. Tuliandika neno "TAREHE SI YAKE" kwenye maelezo ya kila mmoja.

Kuna jambo moja ambalo uhamisho ulilifichua na hatukuligusa kabisa. Mwalimu hakuwahi kufungua akaunti ya M-Pesa kwenye Money. Kila alichotuma au kupokea kwa simu alikiandika chini ya Taslimu, kwa sababu alipoanza mtindo wake mwaka 2004 hakukuwa na fedha za simu. Kutenganisha ya nyuma kungekuwa kazi ya miezi isiyo na faida. Tulifungua akaunti ya M-Pesa ndani ya GnuCash, tukaipa salio lililokuwemo kwenye simu siku hiyo, tukalitoa kiasi hicho kwenye Taslimu.

Nilimwachia vitu vinne: faili la GnuCash kwenye mpakato, nakala yake kwenye flashi mpya, mafaili yote ya QIF pamoja na NYUMBANI.mny ya asili kwenye diski ya nje anayoitunza binti yake Mtumba, na karatasi zilizochapishwa za masalio ya kila mwisho wa mwaka, zikiwa na jina la programu, toleo lake na neno la siri katika bahasha. Ya mwisho aliiweka kwenye boksi la viatu pamoja na stakabadhi za kiwanja.

Kwa sasa anaandika kila kitu mara mbili, kwenye Money na kwenye GnuCash, ingawa nilimweleza kwamba Money imebaki kwa kusoma tu. Anasema hatamwamini mgeni mpaka amlishe msimu mmoja. Zabibu za Agosti ndizo atakazoziandika kwenye GnuCash peke yake.